Vidonge Vilivyonifanya Nishukiwe

Afoyo, binti yangu,

Mama yako amekwisha kukuambia mambo yote ya kila siku. Nilisimama pale mlangoni nikisikiliza: sufuria ipi ni yako na ipi ni ya kuazimisha, maji ya kunywa uyachemshe hata wenzako wakicheka, usifungue mlango kabla ya kuuliza ni nani. Nilipoona hakunibakishia hata neno moja, nikarudi kwenye chumba changu cha kushonea, nikafunika mashine, nikatafuta kalamu. Sasa ni mchana, mvua inapiga mabati, na wewe uko mtaa wa Shari unaaga rafiki zako. Kesho asubuhi, gari la kukupeleka masomoni Kisangani likipakia, hatutaongea kitu cha maana. Mama yako atalia, mimi nitajifanya nakagua kamba za mizigo, na wewe utatuomba turudi nyumbani maana watu wanatazama.

Kwa hiyo nakuandikia leo, na nakuandikia juu ya vidonge vyetu vya tezi ya shingoni. Nasema vyetu kwa sababu nyumbani humu tunaovinywa ni wawili, mimi na wewe, kila alfajiri kabla ya chai, tumesimama jikoni na vikombe vya maji kama watu wa chama kimoja. Kuanzia kesho kutwa nitasimama peke yangu, na wewe utasimama peke yako.

Unakijua kile kichekesho cha shangazi yako Jeannette. Kila sikukuu, watu wakishashiba, anaanza: "Mnakumbuka mwaka ule kaka yangu alikuwa na muke wa pembeni, jina lake Kidonge?" Na watu wote wanaanguka kwa kicheko. Mwaka ule ulikuwa shule ya bweni kwa masista kule Mahagi. Uliporudi likizo ulikuta mambo yamekwisha, kimebaki kicheko tu. Kicheko kile ni cha haki, hata mimi hucheka. Lakini Jeannette akisimulia huruka sehemu za katikati, na hizo ndizo utakazozihitaji Kisangani, ambako hakuna mtu anayejua wewe hutembea namna gani, hula kiasi gani, au hukasirika kwa sababu gani.

Nianzie kwenye shingo. Nilikuwa na rovu tangu ujana. Kule kwetu, upande wa Mahagi, watu wengi wa rika langu walikuwa na uvimbe ule, wala hakuna aliyeshangaa. Mimi, kwa kuwa ni fundi wa nguo, nilijishonea kola ndefu, na wateja wakadhani ni mtindo, wakaomba na wao washonewe hivyo hivyo. Halafu lile rovu likakua mpaka bugali ikawa inashuka kwa shida. Nikapasuliwa. Waliponitoa tezi, daktari mzee wa wakati ule akaniambia: "Papa, kazi ambayo tezi yako ilikuwa inafanya, sasa itafanywa na kidonge. Kila siku, mpaka mwisho." Akaniandikia vidonge viwili kila asubuhi. Nikavinywa kwa miaka mingi, na miaka hiyo haina habari yoyote ya kukusimulia, maana dawa ikiwa sawa mtu husahau kwamba anaugua.

Habari ilianza siku vidonge vilipokosekana kwenye farmasi yangu ya kawaida. Yule mama anayeniuziaga akasema mzigo umechelewa njiani, nijaribu kwingine. Nikapita farmasi ya mbele, nikataja jina la dawa, kijana akanipa sanduku. Jina lilikuwa lile lile, na rangi ya buluu ile ile. Nikamwuliza, "Ni hii hii?" Akajibu, "Ni hii hii, Papa." Na kweli ilikuwa hiyo hiyo. Nilichokosa kuangalia ni namba ndogo iliyoandikwa chini ya jina. Vidonge vyangu vya zamani vilikuwa vya hamsini. Hivi vilikuwa vya mia. Nami nikaendelea kumeza viwili.

Sasa sikiliza vizuri, Afoyo, maana hapa ndipo shangazi yako anaporuka. Majuma ya kwanza yalikuwa matamu sana.

Niliamka kabla ya majogoo. Nilishona sare za darasa zima la watoto wa parokia kabla tarehe ya kufungua shule haijakaribia, jambo ambalo halijawahi kutokea tangu nianze kushona. Niliziba bati linalovuja juu ya kitanda chetu, lile ambalo mama yako alikuwa ameniomba nilizibe tangu hujazaliwa. Nilifagia kiwanja, nikakata majani ya uzio, nikaenda kukata na ya jirani. Nilikula sahani mbili za bugali na samaki wa Kasenyi, halafu bado nikatazama sahani ya mama yako, na huku suruali zinanidondoka kiunoni. Wateja wakasema, "Fundi, umekuwa kijana!" Mimi nikafikiri ni baraka za Mungu kwa mtu ambaye hanywi pombe.

Nilifurahi hivyo kwa muda mrefu, na ndiyo maana sikuuliza kitu. Mtu akiumwa kichwa au tumbo hutafuta dawa mara moja. Mtu akisifiwa barabarani hatafuti chochote.

Watu wa kwanza kuteseka walikuwa kwaya yangu. Unajua ninavyoongoza: polepole, kila mtu apate pumzi yake. Lakini miezi ile mkono wangu ulikimbia. Utukufu kwa Mungu ulianza na kwisha kabla sauti ya pili hawajafungua ukurasa. Siku moja, katikati ya mazoezi, Udaga mpiga ngoma akaweka mikono juu ya ngoma akanitazama.

"Maestro," akasema, "siye tunamukimbia nani?"

Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Nikamgombeza mbele ya wote, halafu nikamgeukia mama mmoja wa sauti ya pili ambaye kosa lake lilikuwa kuvuta pumzi, nikamwambia kama amechoka abaki nyumbani. Yule mama akalia. Mimi, Afoyo! Wewe unajua kwamba hata mbuzi akila kitambaa changu huwa namwomba tafadhali. Niliporudi nyumbani nilishangaa maneno yale yalitoka wapi, kisha nikajiambia labda kwaya wamekuwa wavivu. Padri, yeye, alinikuta baada ya misa akanishika bega: "Maestro, leo tumemaliza kabla ya Waprotestanti. Haijawahi kutokea." Wazee wa benchi la mbele walifurahi sana, walikuwa wanawahi chakula kikiwa cha moto.

Kisha mikono. Nilikuwa siwezi tena kuingiza uzi katika tundu la sindano. Ncha ya uzi ilikuwa inacheza kama mkia wa mjusi. Nikasema ni macho, nimezeeka. Nikanunua miwani. Kwa miwani ile niliona vizuri zaidi jinsi mikono inavyotetemeka.

Na joto. Unajua Bunia yetu, hasa miezi ya mvua, mtu hulala na blanketi mbili. Mimi nilifungua madirisha, nikatupa blanketi, nikalala chini kwenye saruji nikijipepea kwa sweta la mama yako. Nilioga asubuhi, nikaoga mchana, nikaoga tena kabla ya kulala, na baada ya kulala sikulala. Nilitazama paa nikipanga kazi za kesho na za mwaka ujao, na nikihesabu mbao.

Sasa jiweke mahali pa mama yako. Bwana wake amepungua tumbo ghafla. Anaoga mara tatu kwa siku. Anatoka alfajiri akiimba. Anakuwa mkali akiulizwa kitu kidogo. Usiku yuko macho, na ukilaza kichwa kifuani pake unasikia moyo unapiga mbio kama wa kijana aliyeandika barua ya kwanza. Ungefikiri nini?

Alivumilia. Halafu mchana mmoja alikuja hapa kwenye chumba cha kushonea, akafunga mlango nyuma yake, akabaki amesimama.

"Baba Afoyo, ni nani?"

"Nani nani?"

"Yule muke."

Nikacheka, na kicheko hakikutoka vizuri. Halafu hasira ikanipanda, nikagonga meza mpaka makopo ya vifungo yakamwagika. Nikapiga kelele kwamba nafanya kazi kama punda na nyumbani wananilipa kwa maneno ya namna hii. Yeye hakupiga kelele. Aliinama akaokota vifungo vyote, kimoja kimoja, akavirudisha kwenye kopo, akatoka. Usiku ule alihamia chumba chenu watoto.

Binti yangu, nimepita mambo mengi katika mji huu, nawe unayajua. Lakini sijui kipindi kilichoniogopesha kama majuma yale ya ukimya wa mama yako. Aliniwekea chakula, akaondoka. Alinisalimia kama anavyosalimia mteja. Na mimi sikuwa na kosa, lakini kila nilichofanya kilifanana na kosa. Nikijitetea, sauti ilitetemeka. Nikinyamaza, jasho lilinitoka. Baadaye nilijua kwamba alikuwa ameanza kuwashuku wanawake wote wa mtaa: waimbaji wa sauti ya kwanza, mjane anayeshonesha mabulauzi, hata bibi kizee anayeuza mandazi pale kona, ambaye hana meno.

Akamwita Jeannette.

Shangazi yako alitoka Iga Barrière siku ya Jumapili, juu ya pikipiki, na gunia la maharagwe nyuma yake, maana yeye hawezi kusafiri bila kufanya biashara hata akienda kuvunja au kuokoa ndoa. Tulikaa sebuleni baada ya misa. Mimi nilipewa kile kigoda kifupi, wao wawili viti. Hapo nikajua hukumu imekaribia.

"Kaka," Jeannette akaanza, "mimi ni yaya yako, dada yako mukubwa. Nilikubeba mugongoni. Sema sasa, na mimi nitakusaidia. Huyu muke iko wapi?"

"Hakuna muke."

"Leta mukono."

Nikamnyooshea. Akaushika, akautazama, akamwonyesha mama yako kama mtu anayeonyesha samaki aliyeoza sokoni. "Angalia namna unatetemeka. Mutu hana kosa, anatetemeka juu ya nini?"

Nikasema nitaapa. Nikataka kusimama, mtu haapi akiwa amekaa kwenye kigoda. Mapaja yakagoma. Nilisukuma kwa miguu, nikabaki pale pale, ikabidi nijiinue kwa mikono kama mzee sana. Nilipofika juu, moyo ukaruka. Siyo kukimbia kama siku nyingine. Ulikuwa unaruka, unasimama, unaruka tena mara nyingi bila mpango, kama kuku ndani ya gunia. Chumba kikawa cheusi pembeni. Nikakaa chini sakafuni bila kupenda, na kiapo changu hakikutoka.

Mama yako ndiye aliyefika wa kwanza. Alikuwa hajanigusa tangu siku ya vifungo. Akapiga magoti, akaweka sikio kifuani pangu, akabaki hapo akisikiliza. Niliona uso wake ukibadilika.

"Yaya," akamwambia Jeannette bila kuinua kichwa, "hii haiko mapenzi. Huyu ni mugonjwa."

"Unajua namna gani?"

"Nilikuwa naye wakati wa mapenzi. Moyo yake haikuwa hivi."

Hata katika hali ile nilijisikia fahari kidogo.

Jeannette akasimama, akafunga kitambaa kichwani vizuri. "Kama ni muke, atatungojea. Kama ni ugonjwa, hautangoja. Twende." Wakanipakia kwenye pikipiki, mama yako nyuma akinishika kiunoni, Jeannette akitufuata kwa nyingine akipiga kelele watu wapishe. Maharagwe yake alimwachia jirani, na hiyo ndiyo alama kwamba aliogopa.

Daktari alikuwa yule yule aliyekuona wewe mwaka jana, ila wakati wa ugonjwa wangu alikuwa mgeni na bado alionekana kama mwanafunzi. Alinipima moyo kwa mashine, akanitazama macho, akaniambia ninyooshe mikono, akaweka karatasi juu ya vidole vyangu. Karatasi ile ilicheza kama jani. Akauliza nakunywa dawa gani.

"Ya tezi tu, docta. Tangu zamani. Haijabadilika."

"Iko wapi?"

Mama yako akafungua mkoba wake. Katika haraka yote ile alikuwa amekumbuka kuchukua sanduku. Daktari akaligeuza, akasoma.

"Papa, ile ya zamani ilikuwa cinquante, hamsini?"

"Ilikuwa ya buluu."

"Hii ni cent. Mia. Unakunywa ngapi?"

"Mbili. Kama siku zote."

Akaweka kalamu chini. "Basi kila asubuhi Papa unakunywa dawa ya watu wawili."

Alitueleza kwa upole, na maneno yake bado ninayo. Alisema dawa hii ndiyo inayouambia mwili uende kwa mwendo gani. Ikipungua, kila kitu kinalala. Ikizidi, kila kitu kinakimbia: moyo, matumbo, mawazo, jasho. Nyama ya mapaja inaliwa, na hata mifupa, polepole, bila kuuma. Moyo ukikimbizwa muda mrefu mwisho unapoteza hatua zake, na hapo hatari ni kubwa.

Mama yako alisikiliza yote, halafu akaanza kuuliza, akihesabu kidole kimoja baada ya kingine.

"Na hasira?"

"Na hasira, Mama."

"Na kukosa usingizi?"

"Hata huo."

"Na kuoga mara tatu?"

Daktari akacheka. "Kama anasikia joto, ataoga."

Ndipo Jeannette, ambaye hajui kuacha jambo nusu, akasogeza kiti. "Na ule muke, docta?"

"Muke simuoni kwenye mashine."

Mama yako alicheka mpaka akalia, au alilia mpaka akacheka, sikuweza kujua. Akanishika mkono, ule unaotetemeka, akauweka mapajani mwake, na hakuuachia mpaka tulipoitwa kutoa damu.

Tungeishia hapo, ila kuna jambo moja ambalo Jeannette hajawahi kulisimulia kwenye sikukuu yoyote, nami nakuomba usimwambie kwamba nimekwambia. Tulipokuwa tunatoka alirudi mlangoni, akainama kwa daktari, akauliza kwa sauti ya chini: "Docta, na mimi ukinipatia vidonge vile, kidogo tu, tumbo haiwezi kupunguka?" Yule daktari kijana alibadilika uso. Akamwambia: "Mama, umeona kaka yako leo sakafuni. Ndiyo bei ya kupunguza tumbo kwa dawa hii." Shangazi yako alinyamaza kutoka hospitali mpaka nyumbani. Haijatokea tena.

Sikupona siku ile. Dawa hii huingia taratibu na kutoka taratibu. Majibu ya damu yalipokuja yakasema lile ambalo daktari alikwisha kuliona. Alinipumzisha na vidonge vile kwa muda mfupi, akanipa kingine cha kutuliza moyo, halafu akanirudisha kwenye kipimo changu cha zamani. Alinikataza kabisa kuacha kwa uamuzi wangu mwenyewe, maana mtu asiye na tezi hawezi kuishi bila kidonge, na anayekimbia kutoka shimo moja anaweza kuanguka kwenye jingine. Baada ya majuma kadhaa nikarudi kupimwa damu tena, ili aone kama tumefika mahali sawa.

Na sasa nakuambia kitu ambacho sikumwambia mtu isipokuwa mama yako. Nguvu zile zilipoondoka, nilizililia. Niliamka nikiwa mtu wa kawaida tena, mtu anayetaka kukaa kidogo kitandani. Sare zikachelewa kama zamani. Tumbo likarudi, taratibu, kama mgeni anayejua njia. Sanduku la vidonge vya mia lilikuwa bado kabatini, na asubuhi moja nililishika nikajiambia, nusu tu, kwa ajili ya kazi za wiki hii. Mama yako akanikuta.

"Unataka kurudi kule?" akauliza.

Nikamwambia ukweli. Nikamwambia ninakosa yule mtu mwepesi aliyeziba bati.

"Yule alikuwa mufanyakazi muzuri," akasema. "Lakini hakuwa anakaa chini. Mimi nilikuwa nimekosa bwana wangu wa polepole." Kisha akalichukua lile sanduku na kulirudisha hospitali.

Nilikwenda kumwomba radhi yule mama wa sauti ya pili, na Udaga, na kwaya nzima. Wakanisamehe siku ile ile, kwa sharti kwamba Utukufu urudi kwenye mwendo wake. Ni mzee mmoja tu wa benchi la mbele aliyelalamika kwamba misa zimekuwa ndefu tena.

Hiyo ndiyo hadithi yote. Sasa tuje kwako.

Wewe ulianza upande mwingine, ule wa tezi iliyolala. Mwaka jana ulikuwa unalala kama gogo, unavaa sweta mchana wa jua, sauti imekuwa nzito, alama zinashuka, na sisi tulisema ni uvivu wa umri. Tulikosea, na wewe ulivumilia maneno yetu. Tangu umeanza kidonge umerudi kuwa mtu wetu, unayecheka mpaka mtaa wa pili. Kipimo chako ni hamsini, kimoja. Kariri namba kama unavyokariri jina lako, maana farmasi ya Kisangani haikujui, na sanduku la kule linaweza kuwa na rangi yoyote. Usiulize "ni hii hii?" kama mimi. Soma mwenyewe, namba kwanza, jina baadaye.

Kitu kimoja kitakudanganya kule. Kisangani ni joto, kila mtu anatoka jasho, hata padri akibariki. Kwa hiyo jasho halitakuambia kitu. Tazama mengine. Ukiamka, kabla hujaweka mguu chini, weka vidole kwenye mkono usikie moyo unavyokwenda ukiwa bado hujamwogopa mwalimu yeyote. Wakati wa mitihani kila mwanafunzi moyo unamwenda mbio, na kahawa inaongeza, lakini alfajiri kitandani hakuna mtihani. Inuka kutoka kwenye kigoda bila kujisaidia kwa mikono. Weka karatasi juu ya vidole. Tazama kama nguo zinakulegea huku unakula vizuri. Na siku zako za mwezi, mimi ni baba na kalamu inaona haya, lakini daktari alisema zinaweza kupungua au kupotea dawa ikizidi, na haya yangu ni ndogo kuliko ninavyokupenda. Ukiona mambo hayo, usijipunguzie mwenyewe wala usitupe vidonge. Nenda kwa daktari, omba wakupime damu. Lakini moyo ukianza kuruka bila mpango kama kuku wangu ndani ya gunia, au ukikosa pumzi, usingoje kesho. Nenda siku ile ile, hata kama kuna mtihani.

Ukisahau siku moja, kesho yake usimeze viwili ili ulipe deni. Dawa hii haina haraka hiyo.

Na wasichana wa chumba chenu watakapojua unakunywa vidonge vinavyoweza kumpunguza mtu mwili, utaombwa. Utaombwa kwa upole, na mtu unayempenda. Wasimulie habari za baba yako sakafuni. Nakupa ruhusa, ongeza na chumvi, sema nilianguka juu ya maharagwe.

Zaidi ya yote, kumbuka kwamba siku utakapojiona hodari kuliko wote, umeamka kabla yao, umesoma vitabu vyote, umekuwa mwembamba na watu wanakusifu, huenda ni kweli. Wewe ni hodari, nimekulea. Furahi. Lakini siku hiyo soma namba kwenye sanduku, halafu uendelee kufurahi.

Mimi sikujiona. Aliyeniona ni mama yako, kwa kuwa aliujua moyo wangu ulivyokuwa kabla. Kule huna mtu kama huyo bado. Atakuja, rafiki au mwenzako wa chumba, na ukimpata mwambie mapema kwamba unakunywa dawa hii, akuangalie. Mpaka wakati huo tunabaki sisi na simu. Mama yako atakuuliza umekula nini. Mimi sitakuuliza alama. Nitakupigia asubuhi na nitakusalimia kama watu wa kwetu wote wanavyosalimiana: "Afoyo, umelala namna gani?"

Usinijibu "muzuri, Baba" kwa sababu ndivyo watu wanavyojibu. Niambie jinsi ulivyolala.

Baba yako, anayekupenda kwa mwendo wa polepole.